Mwalimu wa kwaya naye afundishwe



Safari hii tumeona tuseme juu ya kitu ambacho familia nyingi hazikihesabu kuwa ni jambo la afya: sauti ya kuimba, na hasa yule mtu anayewafundisha wenzake kuimba. Hapa Chamwino ni vigumu kukuta kigango kisicho na kwaya. Baba yuko besi, mama yuko sauti ya pili, na watoto wako katika kwaya ya Utoto Mtakatifu. Wote hao wamekabidhi koo zao kwa mtu mmoja, mwalimu wa kwaya. Je, yeye alifundishwa na nani?

Kisa cha mwalimu mmoja

Twamkumbuka mwalimu mmoja wa kwaya aliyefika hospitalini kwetu wiki mbili baada ya Pasaka. Ni mkulima wa uwele na alizeti, ana mke na watoto watatu, na alikuwa amefundisha kwaya ya kigango chake kwa miaka tisa bila malipo yoyote. Alipotuamkia, tulisikia kama mtu anayekwangua sufuria.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwalimu. Sauti imekwenda wapi?"

"Ilibaki kanisani Ijumaa Kuu, sista. Nilidhani itarudi."

Akatueleza kwa taabu. Kwaresima yote walikuwa na mazoezi jioni nne kwa wiki, saa mbili au tatu kila jioni. Yeye ndiye aliyeimba sauti zote nne, moja baada ya nyingine, ili kila kundi lisikie sehemu yake, kwa sababu ndivyo mwalimu aliyemtangulia alivyofanya. Ngoma na kinanda vilipozidi, naye alizidisha. Tangu katikati ya Kwaresima sauti ilikauka kila jioni na kurudi asubuhi. Baadaye hata asubuhi haikurudi. Alikunywa mayai mabichi, asali na tangawizi. Jirani mmoja akamwambia amerogwa na kwaya nyingine kwa ajili ya mashindano.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu. Tulimtazama koo kwa tochi, tukaona wekundu kidogo, tukampa vidonge vya kumumunya, kisha tukamwambia, "Mwalimu, usiseme kwa nguvu, uwe unanong'ona tu." Akaenda, akanong'ona wiki tatu. Aliporudi hali ilikuwa mbaya zaidi. Mganga wa zamu akatuuliza swali moja ambalo sisi hatukuuliza: "Sauti imekauka kwa muda gani?" Tulipohesabu tukakuta ni wiki nane. Siku hiyohiyo akamwandikia barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, Dodoma mjini. Huko walimwingizia kamera ndogo, wakaona vinundu viwili kwenye nyuzi zake za sauti, kimoja kila upande, vikitazamana.

Sauti hutengenezwaje?

Shika kikoromeo chako, useme "aaa". Utasikia kinatetemeka. Ndani yake kuna mikunjo miwili midogo ya nyama laini tunayoiita nyuzi za sauti. Tunapopumua huachana ili hewa ipite. Tunapoimba hukaribiana, na hewa itokayo mapafuni huzifanya zigongane upesi sana. Kwa mwanamume anayezungumza kwa kawaida hugongana mara 100 na zaidi kwa sekunde moja, na kwa mwanamke mara 200 hivi. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akishika noti za juu kabisa hupita mara 700 kwa sekunde. Sasa fikiria mazoezi ya saa tatu!

Mkulima anayeanza kulima baada ya mapumziko marefu hupata lengelenge kiganjani. Akiendelea bila kupumzika, mahali pale hugeuka kuwa sugu. Vinundu vya sauti ni mfano wa sugu hiyo. Nyuzi zikigongana kwa nguvu siku nyingi huvimba, kisha huwa ngumu pale zinapogongana zaidi. Hapo haziwezi tena kufunga vizuri, hewa huvuja, na sauti hutoka na mikwaruzo.

Sasa mtaona kosa la ushauri wetu. Mtu mwenye sauti iliyokauka akinong'ona kwa nguvu ili asikike, huikaza misuli ya koo badala ya kuipumzisha. Ni afadhali anyamaze, au aseme kidogo kwa sauti ya chini ya kawaida.

Mtaona pia kwa nini mayai mabichi hayasaidii. Tunachokimeza hupita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti hata kidogo. Kikizigusa, mtu hupaliwa na kukohoa. Asali na tangawizi hutuliza koo la juu tu. Maji nayo hayafiki pale moja kwa moja, lakini mwili ukiwa na maji ya kutosha, nyuzi hubaki na ute wake wa kulainisha. Katika mkoa wetu, ambapo kiangazi ni kirefu, upepo ni mkavu na vumbi halikauki puani, jambo hili si dogo.

Mwalimu aliyewapa madaktari kioo

Wengi hudhani madaktari ndio waliowafundisha waimbaji habari za koo. Zamani mambo yalianza kinyume. Mwaka 1854 mwalimu wa kuimba aliyeitwa Manuel García, Mhispania aliyefundisha Paris na London, alitaka kujua wanafunzi wake wanafanya nini ndani ya koo wanapoimba. Akachukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya koo lake mwenyewe, akaelekeza humo mwanga wa jua kwa kioo cha mkononi, akaziona nyuzi zake za sauti zikifanya kazi. Mwaka 1855 taarifa yake ikasomwa mbele ya wanasayansi mjini London. Baadaye madaktari wakakichukua kioo kile wakakifanya chombo cha kupimia wagonjwa.

Hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu ambaye hakuridhika kurudia yale aliyoyakuta. García aliishi miaka 101, akafa mwaka 1906, na hadi leo anakumbukwa na waimbaji na madaktari pia.

Kufundisha bila kuimba

Turudi kwa mwalimu wetu. Daktari hakumpasua. Alimwambia kwamba vinundu vya namna ile mara nyingi hupungua kama mtu akiipumzisha sauti na kujifunza upya namna ya kuitumia. Kwa miezi mitatu asiimbe, wala asipige kelele shambani au nyumbani. Mwalimu alipotupitia na habari hiyo, machozi yalimlenga. Aliandika kwenye karatasi: "Nitafundishaje bila kuimba?"

Jibu alilipata kwa mama mmoja mzee wa kwaya yake, mpigaji wa muheme. Mama yule alimwambia kwamba wao walipokuwa wasichana hakuna aliyewafokea noti. Walikaa kando ya wakubwa, wakasikiliza siku nyingi, wakaitikia polepole hadi wakaingia. Kiongozi anatupa mstari mfupi, wengine wanapokea. Hakuna mtu mmoja anayebeba wimbo wote shingoni mwake.

Jambo hili sisi Wadodoma tunalo siku zote, ila tunaliacha mlangoni tunapoingia kwenye mazoezi ya kwaya. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa kijiji cha Doduma na kufa mwaka 2003, aliupeleka uimbaji wa Kigogo hadi Ulaya, na alifundisha vijana wengi Bagamoyo. Hapa Chamwino, mwaka 2009, Kedmon Mapana, mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha tamasha la muziki wa Kigogo, ambamo wazee na watoto huimba uwanja mmoja. Shule ya sauti tunayo hapahapa kijijini.

Basi mwalimu wetu akabadili njia. Alichagua kiongozi kwa kila sauti, akawafundisha hao wanne kwanza kwa kinanda kidogo, kisha kila mmoja akalifundisha kundi lake pembeni. Ngoma zilinyamaza mpaka wimbo ushike. Mstari mpya uliimbwa kwanza kwa kuvumisha midomo imefungwa, halafu kwa maneno, kwa sauti ndogo. Mazoezi yakawa saa moja na nusu.

Hapo likatokea jambo ambalo hakulitazamia. Kwa kuwa yeye haimbi, alianza kusikia. Miaka tisa sauti yake mwenyewe ilikuwa imemziba masikio. Sasa alimsikia kijana wa miaka 14 anayelazimishwa sauti ya kwanza wakati sauti yake inavunjika. Akasikia pia kwamba dada mmoja wa mstari wa mbele sauti yake imekauka, na kila baada ya mstari anageuka pembeni kukohoa. Alipomuuliza, dada alijibu kwamba ni vumbi tu, na kwamba ana mwezi wa pili hivi.

Mwalimu hakumwambia anywe asali. Alimleta hospitalini yeye mwenyewe, asubuhi ya Jumatatu, kwa baiskeli. Makohozi yalipopimwa, ulikuwa ni ugonjwa wa kifua kikuu, ambao wakati mwingine hushika hata zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti. Dada alianza dawa, ambazo hutolewa bure, akazimaliza kwa miezi sita. Watu wa nyumbani kwake na wanakwaya wenzake waliitwa kupimwa. Leo yuko mstari uleule wa mbele. Kama asingesikika mapema, angeendelea kuimba akiwa mgonjwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, huku wenzake zaidi ya 30 wakivuta hewa ileile.

Si maneno ya kutishana. Mtu anayeimba hutoa matone madogo ya hewa ya mdomo mengi kuliko anayezungumza kwa utulivu. Tarehe 10 Machi 2020 kwaya moja ya Mount Vernon, jimbo la Washington nchini Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ikiwa na watu 61, mmoja wao akiwa na dalili zilizofanana na mafua. Baadaye 53 walihesabiwa kuwa wameugua UVIKO-19, na wawili wakafa.

Muuguzi husoma tena, mwalimu wa kwaya je?

Sisi wauguzi tulipokuwa chuoni tulifundishwa kusafisha kitovu cha mtoto mchanga kwa spiriti. Baadaye tukafundishwa kukiacha kikavu na safi. Tungeng'ang'ania ya zamani, tungekuwa tunafanya kazi kwa mazoea. Ndiyo maana Baraza la Uuguzi na Ukunga hututaka tujiendeleze kimasomo ndipo tuhuishiwe leseni.

Mwalimu wa kwaya hana leseni wala semina. Amemrithi mwalimu aliyemtangulia, naye alimrithi mwingine, pamoja na makosa yao. Tujiulize bila kuoneana haya: kwaya zetu zimechanga mara ngapi kwa ajili ya sare, spika na kinanda? Na mara ngapi zimechanga kumpeleka mwalimu akasome hata wiki moja? Spika ikiungua twanunua nyingine. Koo la mtu halina duka.

Kanisa lenyewe limesema. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, inataka walimu wa muziki mtakatifu waandaliwe kwa uangalifu, na inaagiza muziki wa asili wa watu upewe heshima yake. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alitoa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mahali pa kujifunza papo pia. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na tangu 2007 kikaitwa TaSUBa, hufundisha muziki. Chuo Kikuu cha Makumira huko Arusha, cha ndugu zetu Walutheri, nacho kina masomo ya muziki. Si kila parokia itaweza kumpeleka mtu huko. Lakini parokia zinaweza kushirikiana kumwalika mwalimu mmoja aliyesomea, akae na walimu wa vigango siku tatu, na hospitali itoe muuguzi mmoja wa kueleza habari za koo. Sisi tuko tayari kualikwa.

Mambo ya kufanya mazoezini

Kwa walimu wa kwaya, twaomba myajaribu haya:

1. Msianze na wimbo mgumu. Tumieni dakika kumi kuamsha sauti: kupumua hadi tumbo litanuke, kuvumisha midomo imefungwa, kutetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari.

2. Tafuteni mrija wa soda. Kuimba noti ukipuliza ndani ya mrija, hata mrija ukiwa ndani ya bilauri ya maji, huzisaidia nyuzi kugongana kwa upole. Mwanasayansi wa sauti Ingo Titze wa Marekani ameifanya njia hii ijulikane na walimu wengi. Kila mtu awe na mrija wake, wasibadilishane.

3. Anzeni wimbo kwa noti ya kinanda. Furaha ya sikukuu hupandisha wimbo hadi mahali ambapo koo za watu hazifiki.

4. Punguzeni ngoma na spika wakati wa kujifunza. Mtu asiyejisikia hupiga kelele bila kujua.

5. Msiimbe sauti zote nne ninyi wenyewe. Teueni viongozi, ninyi msikilize.

6. Watoto waimbe kwa sauti yao ya kitoto. Msiwaambie "pigeni kelele tuwasikie". Kijana anayebaleghe aimbe zile noti zinazomjia kwa urahisi, na asichekwe sauti inapomponyoka.

7. Maji ya kunywa yawepo, na kila mmoja awe na kikombe chake. Milango na madirisha yawe wazi. Sakafu yenye vumbi inyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa.

8. Mwenye mafua au kikohozi akae nyumbani apumzike. Aliyepona ila sauti bado haijarudi aje akae pembeni, asikilize. Kusikiliza nako ni mazoezi.

Dalili zisizopaswa kungojwa

Kwa wazazi na waimbaji wote: sauti iliyokauka kwa mafua hurudi yenyewe kwa siku chache, au wiki moja hadi mbili. Ikipita wiki tatu, nendeni hospitali hata kama hakuna maumivu. Msingoje wiki hizo kama kuna kukohoa damu, kupumua kwa shida, kumeza kwa shida, uvimbe shingoni, au sauti iliyopotea ghafla baada ya kupasuliwa shingo au kuumia. Mwenye kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku au kukonda apimwe kifua kikuu. Kwa mvuta tumbaku na mnywaji wa pombe, sauti iliyokauka muda mrefu yaweza kuwa ni saratani ya koo, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi. Hata kiungulia cha mara kwa mara huunguza koo na kukausha sauti.

Mkifika, mtuambie ni wiki ngapi, na mtuambie kwamba mnaimba au mnafundisha. Nasi tumejifunza kuuliza.

Mwalimu wetu yuko wapi?

Baada ya mwezi wa nne alianza kuimba tena, kidogo kidogo. Noti zake mbili za juu hazikurudi, na yeye mwenyewe asema hazitarudi. Lakini kwaya yake sasa ina viongozi wanne wanaoweza kusimama hata yeye asipokuwapo, na walimu wa vigango vitatu vya jirani humtembelea waone anavyofundisha. Siku moja tulimuuliza kama anazisikitikia zile noti mbili.

"Nazisikitikia, sista," alisema. "Ningefundishwa mapema ningekuwa nazo."

Wapendwa, Jumapili hii baada ya Misa mshukuruni mwalimu wenu wa kwaya. Mwulizeni pia sauti yake ikoje, na ni lini mara ya mwisho naye alikaa chini akafundishwa. Kisha kamati ya kwaya ilizungumze jambo hilo kabla ya kuzungumza juu ya sare. Kinga ni bora kuliko tiba.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.